Kitambaa Juu ya Televisheni ya Leza

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu juu ya mabati ya mtaa wa Kansanga, Akwero alikuwa ameshafagia kibanda cha video cha mama yake. Alinyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, akafagia kutoka ukutani kuelekea mlangoni, kisha akapanga mabenchi, mafupi mbele na marefu nyuma. Kazi aliyoipenda zaidi aliiacha mwisho. Alikwenda mbele ya chumba, akaondoa kitambaa kilichoifunika televisheni, akakikunja mara nne, na kufuta kioo kwa kitambaa kingine kikavu.

Akwero alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Kazi hiyo ya kuifunika na kuifunua televisheni alikuwa ameifanya tangu hajaanza shule. Kitambaa chenyewe kilikuwa cheupe, cha kufuma kwa mkono, chenye maua pembeni. Mama yake, Ayot, alikifuma kwa nyuzi za nailoni zamani walipokuwa wakiishi kwenye kambi ya polisi. Nyumba yao ya kambini ilikuwa ya bati, ya duara, ile ambayo askari waliipa jina la mama ingia pole, kwa sababu mlango wake ulikuwa mfupi na asiyeinama aliumia paji la uso.

Siku hizo baba yake, Konstebo Onen, alikuwa hai. Aliinunua televisheni hiyo aliporudi kutoka kazi ya kulinda amani nje ya nchi. Ilikuwa bapa, ya inchi hamsini, na kambi nzima haikuwa imeona pana kama hiyo. Kila Jumapili alasiri watoto wa askari walijazana ndani mpaka wengine wakakaa juu ya ndoo. Kwa kuwa filamu zilikuwa za Kiingereza, na watoto hao walitoka kwa Waacholi, Waganda, Wateso na Walugbara, Onen alisimama kando ya kioo na kuwatafsiria kwa Kiswahili cha kambini ambacho kila mtu alikielewa. Jambazi akizungumza dakika nzima kwa hasira, Onen alisema tu, "Anasema leo ni leo." Watoto walicheka hadi machozi yakawatoka. Filamu ikiisha, alimgeukia Akwero na kumwambia, "Mfunike mgeni wetu, vumbi lisimpate." Akwero alijiona mtu mkubwa sana.

Onen aliugua na kufariki Akwero akiwa na miaka tisa. Familia isiyo na askari haina nyumba kambini, kwa hiyo Ayot alifunga mizigo, akahamia Kansanga, akakodi chumba kirefu kisicho na dirisha na kuanza kuonyesha filamu na mpira. Televisheni ya Onen ndiyo iliyowalisha kwa miaka mitatu, nayo mwishowe ilianza kuchoka. Mstari mweusi ulitokea katikati ya kioo. Kila wiki ulinenepa kidogo.

"Mama Akwero," alilalamika Mzee Obita siku moja. Huyu alikuwa polisi mstaafu aliyefanya kazi na Onen, na hakukosa mechi hata moja. "Leo mimi naona mpira nusu. Golikipa iko wapi? Nasikia tu watu wanapiga kelele."

Watu walicheka, lakini Ayot hakucheka. Waliokaa mabenchi ya nyuma walikuwa wameanza kuhamia vibanda vingine, na bila watu hao karo ya Akwero ingetoka wapi? Siku iliyofuata alimshika mtoto wake mkono, wakaenda kwenye duka la vyombo vya umeme lililokuwa mtaa wa pili.

Duka hilo lilikuwa la Mzee Jean-Claude, mfanyabiashara kutoka mashariki ya Kongo. Aliyewapokea ni Heritier, fundi wake kijana, Mkongo pia, ambaye alikuwa amepanga chumba ng'ambo ya kibanda chao. Akwero alimzoea. Mara nyingi alimpitia amsaidie hesabu za vipimo, na alimwita kaka.

Heritier aliwasimamisha mbele ya televisheni mbili. Ya kwanza ilikuwa bapa, ya inchi sabini na tano, imetundikwa ukutani. Ya pili Akwero hakuiona kwanza. Aliona picha tu, pana kuliko kitanda cha mama yake, ikiwaka juu ya skrini ya kijivu iliyobandikwa ukutani. Kisha akaona kisanduku cheusi kimewekwa kwenye meza fupi, shubiri moja tu kutoka ukutani, kikirusha mwanga kuelekea juu.

"Hii ni televisheni ya leza," alisema Heritier. "Ile bapa inawaka yenyewe na mwanga wake unakuja moja kwa moja machoni. Hii inapeleka mwanga kwenye skrini, na skrini ndiyo inayoturudishia, kwa hiyo macho hayachoki haraka. Skrini yenyewe ina mistari midogo sana. Inapokea mwanga unaotoka chini na kuukataa ule wa taa ya juu."

"Na mchana?" aliuliza Ayot. "Mimi naonyesha mpira mchana."

"Sitakuficha, mama. Chumba kikiwa na jua, bapa inashinda. Ukiacha madirisha wazi, leza inapauka. Lakini kibanda chako hakina dirisha, na wateja wako wa nyuma wanahitaji picha pana. Bapa ya upana huu wa inchi mia moja ni nzito mno, na kioo kikipasuka hakuna fundi atakayekirudisha. Hii ukifunga kazi unaiondoa mezani na kwenda kulala nayo."

Ayot alikubali. Alipenda hasa kwamba kijana huyu alikuwa amemwambia na ubaya wa kile alichokuwa akikiuza.

Heritier akaonyesha kidirisha cha kioo kilichokuwa juu ya mashine. "Hapa ndipo mwanga unapotokea. Hili ni jicho lake. Na haya matundu ya pembeni ni pua, anapumulia hapa. Ikiwa inafanya kazi, msiweke kitu chochote juu yake. Hata karatasi." Akamtazama Akwero. "Umesikia, Akwero?"

"Nimesikia, kaka."

Mzee Jean-Claude alikuwa akisikiliza kutoka mezani kwake. "Mama, huyu kijana ndiye aliyenishauri nilete mashine hizi," alisema. "Mimi nilitaka kuuza bapa tu, kama wenzangu. Bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Mashine ikifanya vizuri, nitamwajiri kabisa. Mteja akirudi na malalamiko, basi yeye na mimi tutaagana."

Heritier alitabasamu kidogo na kuendelea kuzungusha nyaya. Kazi hiyo ilikuwa ndiyo tegemeo lake na la mdogo wake Esperance aliyekuwa akisomea uuguzi.

Wiki hiyo mashine ilifungwa kibandani. Televisheni ya Onen ilipelekwa stoo, ikaegemezwa ukutani nyuma ya magunia ya mkaa. Akwero aliitazama ikiwa pale gizani, roho ikamuuma. Kila mtu aliyeingia kibandani alishangilia picha mpya, na ni kweli ilikuwa ya ajabu. Nyasi za uwanjani zilionekana kama unaweza kuzishika. Lakini yeye hakuwa na la kufanya tena. Hapakuwa na kioo cha kufuta wala mgeni wa kufunika. Kitambaa kilikaa kimekunjwa juu ya rafu, na hakuna aliyekiulizia, hata mama.

Jumamosi ya kwanza kibanda kilijaa. Filamu ilianza saa saba mchana na kuisha kabla ya saa tisa, na mechi kubwa ilikuwa ianze saa tisa na nusu. Watu wakatoka nje kununua mahindi ya kuchoma na chapati za mayai. Ayot naye alitoka kwenda kuchota maji ya kunywa.

"Kaa hapa uangalie mashine," alimwambia Akwero. "Usiizime, itachelewa kuwaka."

Mashine ilibaki ikitoa rangi ya bluu tupu kwenye skrini. Nje, barabara ilikuwa ikitengenezwa, na wakati huohuo lori lilimwaga kifusi cha udongo mwekundu karibu na mlango. Wingu la vumbi likaingia kibandani. Akwero aliliona likizunguka ndani ya mwanga, likishuka taratibu kuelekea kwenye lile jicho la kioo.

Hakufikiri sana. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye rafu. Aliyakumbuka maneno ya Heritier, tena aliyakumbuka vizuri, lakini alijiambia kuwa ni dakika mbili tu mpaka vumbi litulie. Akatandika kitambaa juu ya mashine, akanyoosha pembe zake na kurudi nyuma hatua moja. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu kile kisanduku kiingie, alikiona kuwa cha kwao. Akahisi kana kwamba baba yuko mahali fulani nyuma yake, anataka kusema neno. Machozi yakamlengalenga.

"Akwero, njoo uone," iliita sauti mlangoni. Alikuwa Babra, rafiki yake waliyesoma naye darasa moja. "Lori limekwama, dereva anagombana na watu."

Akwero alitoka. Ugomvi ulikuwa mtamu, na dakika mbili zikawa kumi. Aliporudi ndani alikutana na harufu ya kitu kinachoungua. Alikimbia, akakivuta kitambaa. Kilinata. Alipokibandua aliona tundu la kahawia katikati ya maua, na juu ya jicho la mashine kulikuwa na doa jeusi la nailoni iliyoyeyuka. Mashine ilikuwa imejizima yenyewe.

Babra alikuwa amesimama nyuma yake. Akwero alikunja kitambaa haraka, akakiingiza chini ya fulana yake na kwenda kukificha chini ya godoro lake.

Mechi ilipoanza, Ayot aliwasha mashine. Picha ilitoka ikiwa na kivuli kikubwa katikati, na mpira ukipita hapo haukuonekana. Watu wakaguna. Baada ya muda mfupi mashine ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena. Miguno ikageuka kuwa miluzi.

Heritier alifika akikimbia, jasho likimtoka. Aliinama, akatazama kidirisha cha kioo, akakigusa kwa ncha ya kidole. Uso wake ukabadilika.

"Kuna kitu kimeungulia hapa," alisema. Akainua macho. "Mama, kuna mtu aliyeweka kitu juu ya mashine?"

"Nilimwacha Akwero," alijibu Ayot. "Akwero, uliweka kitu?"

Chumba kizima kilimtazama. Akwero alitazama sakafu. "Hapana," alisema.

"Una uhakika?" aliuliza Heritier kwa upole.

Ayot hakulipenda swali hilo. "Mwanangu amesema hapana. Baba yake alimlea mtoto huyu, na hasemi uongo."

"Wewe kijana, hapana danganya sisi," alisema Mzee Obita kutoka benchi la mbele, akinyoosha kidole. "Umeuza mashine mbovu kwa mjane, sasa unasingizia mtoto? Aibu."

Wengine wakaitikia. Mmoja alisema ni mashine iliyotumika, imepakwa rangi tu. Mwingine akasema mafundi wote ni wamoja. Heritier akaanza kuchomoa nyaya polepole. Mzee Jean-Claude alikuja kuona kelele ni za nini. Alipoliona doa hakuuliza maneno mengi.

"Itabidi niirudishe kwa walioniletea, na sijui kama watakubali," alimwambia Heritier mbele ya watu wote. "Nilikuonya. Jumatatu ulete shati la duka na funguo."

Ilibidi televisheni ya Onen itolewe stoo ili watu wamalizie mechi. Ikawashwa na mstari wake mweusi. Kwa wiki nzima Akwero alikuwa akitamani kuiona mahali pake, na sasa ilikuwa pale, lakini hakuweza kuitazama. Aliketi nje kwenye kizingiti mpaka mechi ikaisha.

Siku ya pili, baada ya ibada, Babra alimkuta akifua soksi zake uani.

"Banange, jamani, mbona umenuna hivyo?" aliuliza. "Mimi sijamwambia mtu."

"Kaka Heritier anafukuzwa kesho."

"Atapata kazi nyingine. Yeye ni fundi. Wewe ukisema, mama yako utamweka wapi? Alikutetea mbele ya watu wote." Babra alipunguza sauti. "Nyamaza tu. Wiki mbili watu watakuwa wamesahau."

Maneno hayo yalikuwa na ladha. Akwero alijaribu kuyameza, yakakataa kushuka. Babra alipoondoka, aliinua macho na kumwona Heritier ng'ambo ya njia, mbele ya chumba chake. Alikuwa akifua shati la bluu la duka. Alilikamua, akalitundika kwenye kamba, akanyoosha kola kwa vidole ili likauke vizuri. Kumbe alitaka kulirudisha likiwa safi.

Heritier alimwona. "Habari za leo, Akwero?" alisema, kama siku zote. "Wateja wa mama walibaki mpaka mwisho wa mechi?"

"Walibaki."

"Afadhali. Nilikuwa na wasiwasi wangemkimbia." Akachukua beseni lake na kuingia ndani.

Heri angemkasirikia. Angempita bila kumsalimu. Hilo Akwero angeweza kulivumilia. Aliacha soksi majini, akaingia ndani, akainua godoro, akachukua kitambaa na kwenda kukiweka mapajani mwa mama yake aliyekuwa akichambua mchele.

Ayot alikitazama. Kidole chake kilipita juu ya maua mpaka kwenye lile tundu la kahawia, kikasimama. Alielewa kabla hajaambiwa.

"Niliona vumbi linaingia," alisema Akwero, na sasa kilio kikamshinda. "Nilitaka kuifunika kama zamani. Nilijua nimekatazwa, mama. Halafu uliponiuliza mbele ya watu, nikaogopa."

Akwero alingoja kofi, na hata alilitamani, maana lingemaliza jambo. Lakini mama yake aliuweka mchele kando, akajifuta macho kwa upindo wa gauni.

"Kesho hutakwenda shule asubuhi," alisema mwishowe. "Tutaanzia dukani."

Saa mbili kamili Jumatatu walikuwa mlangoni mwa duka. Heritier alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mzee Jean-Claude, shati limekunjwa juu ya meza na funguo juu yake. Ayot alisalimia, kisha akamsukuma Akwero mbele kidogo na kunyamaza. Akwero alielewa kuwa hakuna atakayesema kwa niaba yake.

"Ni mimi niliyeharibu mashine," alisema. "Niliifunika kwa kitambaa hiki ikiwa inawaka. Kaka Heritier alikuwa amenikataza. Aliponiuliza, nilidanganya. Naomba msimfukuze."

Mzee Jean-Claude aliegemea kiti chake. Kabla hajasema lolote, Heritier alikwishachukua kitambaa na kukipeleka penye mwanga wa mlango. Akavuta uzi mmoja.

"Hii ni nailoni?" aliuliza.

"Nailoni tupu," alijibu Ayot. "Niliifuma mwenyewe."

"Basi ni hilo tu." Heritier aliweka kitambaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi uso wake ulifunguka. "Patroni," alimwambia mwajiri wake, "mtoto alipokana, nilidhani kioo chenyewe kimeungua kutoka ndani. Ndiyo maana sikuthubutu kukisugua. Kama ni nailoni iliyoyeyuka juu, inatoka. Na inazimika kwa sababu nyuzi zimeingia kwenye matundu ya hewa, haipumui."

Aliifungua mashine mezani. Kwa brashi laini alitoa nyuzi nyeupe kwenye matundu, moja moja. Kisha akalowesha pamba kwa spiriti na kulisugua lile doa taratibu, akibadilisha pamba kila ilipochafuka, bila kukandamiza. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Akwero alishika taa na hakuondoka hata mara moja. Walipoiwasha, picha ilitoka safi. Ilibaki alama ndogo ya kijivu, ambayo ilionekana tu picha ikiwa nyeupe tupu.

Mzee Jean-Claude aliitazama picha, akamtazama Heritier. "Ningeisafirisha mbali bure," alisema. Alilichukua lile shati, akalikunjua na kumrudishia. "Vaa. Mteja wako anaingia pale mlangoni. Na wewe, mtoto, ungechelewa kidogo, ungenikosesha fundi mzuri."

Ayot alimgeukia Heritier. "Baba yangu," alisema, kwa heshima ambayo kwa kawaida aliwapa watu wazima kuliko yeye, "nilikukosea. Nilikuvunjia heshima kwa kumwamini mwanangu bila kuchunguza."

"Yameisha, mama," alisema Heritier.

"Hayajaisha. Ulitiwa aibu mbele ya watu, na watu haohao ndio watakaosikia."

Akwero alijua maana yake, akalala vibaya wiki nzima. Jumamosi ilipofika, kibanda kilijaa tena. Dakika chache kabla ya mechi, Ayot alimwomba Heritier aingie asimame mbele, kisha akampungia binti yake mkono. Akwero alisimama kando ya skrini, mwanga ukimpiga begani. Aliona nyuso zote, na Babra akiwa amejibanza mlangoni.

"Jumamosi iliyopita niliwaambia kwamba sikuweka kitu juu ya mashine," alisema. "Niliweka. Kaka Heritier aliuza mashine nzima, na aliwaambia ukweli. Mwongo nilikuwa mimi. Namwomba msamaha, nawaomba na nyinyi."

Hakuna aliyepiga mluzi. Mzee Obita alikohoa, akainuka kutoka benchi lake, akatembea mpaka mbele na kusimama wima mbele ya fundi.

"Kijana," alisema, "mimi nimefanya kazi ya polisi miaka thelathini. Jumamosi ile nilikuhukumu, na sikuuliza swali hata moja." Akanyoosha mkono. "Samehe mimi."

Heritier aliushika kwa mikono miwili. Benchi la nyuma likaanza kupiga makofi, na makofi yakaenea mpaka mbele. Obita akamvuta fundi, akamketisha mahali pake mwenyewe, yeye akaenda kubanana na vijana nyuma. Huko aligundua kuwa hata golikipa alionekana, akalitangaza jambo hilo mara tatu kabla ya mapumziko.

Jioni, watu walipoondoka, mama na binti walibaki wakipanga mabenchi. Ayot aliketi kwenye la mbele na kumwonyesha Akwero akae karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ulifanya mambo mawili, usiyachanganye. Kuifunika mashine lilikuwa kosa. Ulikatazwa ukafanya, lakini ulifanya kwa kumkumbuka baba, na hilo nilikusamehe palepale ulipoweka kitambaa mapajani mwangu. Kusema hapana lilikuwa jambo jingine kabisa. Ulijiokoa wewe, na mzigo akabebeshwa mtu asiye na kosa. Mashine tulikaribia kuipoteza, na fundi tulikaribia kumpoteza, kwa sababu hakuna aliyejua ugonjwa ni upi. Siku ulipousema, asubuhi moja ilitosha kuutibu. Ukikosea tena, na utakosea, uje useme siku hiyohiyo."

"Nitasema, mama."

Ayot alitazama skrini iliyozimwa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nilipoipeleka televisheni ya baba yako stoo, sikutaka kuitazama. Ndiyo maana sikukuuliza unajisikiaje. Nilidhani wewe umefurahia picha kubwa, kumbe kila mmoja analia upande wake." Alimvuta binti yake begani. "Siku nyingine ukimkumbuka, usiniache peke yangu. Njoo tumkumbuke pamoja."

Akwero aliegemea ubavu wa mama yake. "Basi niambie," alisema, "siku alipoileta kambini, aliipitishaje kwenye ule mlango mfupi?"

Ayot alianza kucheka kabla hajaanza kusimulia.